Umesalimia Watu Wangapi Njiani?

“Mama, ukitoka sokoni kwenda nyumbani, unapumzika mara ngapi?”

“Sipumziki, daktari. Mimi ni mtoto wa mlimani.”

Mama alijibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama anajua kupika uji. Daktari hakubisha. Alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akaweka kalamu chini, akauliza tena, safari hii kama jirani aliyekuja kuomba chumvi:

“Na njiani unasalimia watu wangapi?”

Hapo mama akachangamka. Alianza kuwahesabu kwa vidole. Wa kwanza ni mwenye kibanda cha viazi pale lami inapoishia. Wa pili ni mwenzake wa kanisani, ambaye nyumba yake iko kwenye kona yenye mkaratusi. Wa tatu ni binamu yake, na huyo lazima amuulize hali ya ng'ombe. Wa nne ni yeyote atakayemkuta amekaa kwenye jiwe kubwa chini ya shule. Asipomkuta mtu, hukaa yeye mwenyewe kidogo, huenda akatokea wa kusalimia.

“Mwaka juzi ulikuwa unasimama kwa wote hawa?”

Mama alinyamaza. Akaangalia mikono yake. “Mwaka juzi nilikuwa nawapungia mkono nikipita.”

Daktari aliokota kalamu akaandika mstari mmoja. Mimi, niliyekuwa nimekaa kando nikichezea simu, niliirudisha mfukoni. Njia ile nimeipanda na mama mara nyingi, nikimtangulia hatua ishirini, nikimsubiri huku nimeshika kiuno na kumlaumu kimoyomoyo kwa maneno yake mengi. Kwetu mtu mzima hasimami katikati ya mlima akihema watu wakimwona. Lakini kusimama kusalimia ni adabu, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Mama alikuwa ameficha ugonjwa wake ndani ya adabu, na sisi wanawe tukaishia kusema tu kwamba anapenda watu.

Tangu siku hiyo nimemrudia daktari yule mara kadhaa, kwa ruhusa yake na ya wagonjwa wake, nikikaa kwenye kona ya chumba kumwangalia akifanya kazi. Ni bingwa wa moyo. Hupanda kutoka pwani kuja Wundanyi siku za kliniki, na aliniomba nisiandike jina lake. “Andika kazi,” alisema. “Mimi niache.” Basi nitaandika kazi.

Kwa asiyeijua, Wundanyi imekaa kwenye vilima vya Taita, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Voi, penye reli na barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, unapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, kisha matatu inaanza kukwea kona baada ya kona. Masikio yanaziba, joto la nyika linabaki chini, na ghafla abiria wanafunga vioo. Juu ya mji iko Wesu na hospitali yake, na mbali zaidi kilele cha Vuria, mita 2,208. Baadhi ya mboga zinazoliwa Mombasa hulimwa huku kwenye matuta yaliyokatwa ubavuni mwa milima, na anayezilima huyapanda na kuyashuka kila siku. Ukitaka kwenda dukani unashuka. Ukitaka kurudi utapanda, na umebeba.

Daktari anaipenda miteremko hii kwa sababu za kazi. Katika hospitali kubwa za mjini, mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa moyo huweza kutembezwa juu ya mkanda unaozunguka, nyaya zimebandikwa kifuani, na kila baada ya dakika tatu mwendo na mwinuko huongezwa mpaka moyo useme ukweli. “Huku kwenu,” aliniambia, “mashine hiyo iliwekwa kabla ya hospitali.” Mtu anayeishi kwenye tambarare ya Voi anaweza kukaa na moyo dhaifu miaka mingi bila kuugundua, kwa kuwa hakuna kinachomtaka apande. Mtu wa Wundanyi hana bahati hiyo ya kujidanganya, ila kama amejifunza kusalimia.

Tangu mwaka 1928, madaktari duniani hutumia madaraja manne yaliyopangwa na chama cha moyo cha New York. Wa daraja la kwanza hazuiwi na chochote. Wa pili huchoka kwa kazi ya kawaida, na wa tatu huchoka hata kwa kazi iliyo chini ya kawaida. Wa nne huhema akiwa ameketi. Ni kipimo kizuri, lakini lazima kwanza ujue kazi ya kawaida ni ipi. Ya karani si ya mama mwenye mzigo wa kuni. Kwa hiyo daktari ameyatafsiri madaraja hayo kwa jiografia ya hapa. Yuko anayepanda kutoka mjini hadi Wesu akizungumza. Yuko anayepanda, lakini mazungumzo anamwachia mwenzake. Wa tatu hufika shambani kwake tu, na wa nne analetwa kwa bodaboda. Daktari amejifunza majina ya kona, mawe, mito na shule za vijiji ambavyo hajawahi kufika, na anayatumia kama fundi anavyotumia futi.

Maswali yake mengine nayo ni ya nyumbani. Unalalia mito mingapi? Umewahi kuamka usiku ukafungua dirisha ili upate hewa? Viatu vya Jumapili bado vinakuingia? Anayelalia mito mitatu huenda mapafu yake yanaloa anapolala chali. Anayeamka saa nane usiku kutafuta dirisha hakurogwa, wala hakuota vibaya. Na viatu vikibana jioni huku asubuhi vilikuwa vinatosha, huenda kuna maji yanayoshuka miguuni kwa sababu moyo umeshindwa kuyasukuma. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima hodari huyaona yakiwa bado yako upande wa Mlima Kasigau.

Maswali yakiisha, daktari hutazama. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba kutazama ni kazi ngumu. Hukishika kiganja cha mgonjwa kama anayesalimia, na papo hapo ameshapima joto la ngozi, amehesabu mapigo, ameangalia rangi ya kucha. Humlaza mgonjwa kitandani, mgongo umeinuliwa nusu, kichwa kimegeuzwa kidogo upande wa kushoto, kisha anainama na kuutazama upande wa kulia wa shingo. Anatazama tu. Mara ya kwanza nilidhani amesahau alichotaka kufanya.

“Unaona?” akaniuliza.

Sikuona kitu. Akawasha tochi ya simu, akaielekeza kwa pembeni ili itupe kivuli. Ndipo nikauona mtikisiko mdogo chini ya ngozi, laini, kama kitu kinachopumua. Ule ni mshipa unaorudisha damu moyoni. Umeungana na chumba cha juu cha kulia, kwa hiyo urefu wa mtikisiko huo shingoni unaonyesha damu inavyojazana ndani. Moyo ukilemewa, damu hupanda kwenye mshipa kama maji ya mvua yanavyopanda kwenye mtaro wa shamba ulioziba chini. Mwanzoni mwa kazi yake, aliniambia, alitumia miezi akitazama shingo za watu wazima wenye afya, ndani ya basi, kanisani, kwenye foleni ya benki, mpaka jicho likazoea.

Siku moja aliingia mzee, fimbo mkononi, amesindikizwa na mjukuu. Alilalamika kwamba moyo wake “unakimbia kama kuku”. Daktari alimwita nesi, na wakafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nesi alishika kifundo cha mkono wa mzee. Daktari akaweka kipimo cha masikioni kifuani. Saa moja ya ukutani wakaitazama wote wawili, kimya, kwa dakika nzima.

“Themanini na nane,” nesi akasema.

“Mia moja na kumi na mbili,” daktari akasema.

Mapigo ishirini na manne yalikuwa yamepotea kati ya kifua na mkono. Daktari alinieleza baadaye. Vyumba vya juu vya moyo wa mzee vilikuwa vimeacha kupiga kwa mpango na vikawa vinatetemeka tu. Kwa hiyo vyumba vya chini navyo vilikuwa vikipiga ovyo, na baadhi ya mapigo yalikuja mapema mno, kabla chumba hakijajaa damu. Moyo unapiga, lakini hauna cha kutuma, na wimbi halifiki mkononi. Hatari yenyewe iko kwingine. Damu inayozubaa kwenye chumba kinachotetemeka huweza kuganda, na donge likitoka linaweza kwenda ubongoni na kuleta kiharusi. Mzee alikuwa amekuja kwa sababu ya kuku. Aliondoka na dawa ya kuzuia damu kuganda na tarehe ya kurudi. Vidole vitatu na saa ya ukutani ndivyo vilivyoanza kazi hiyo.

Lakini sehemu ya ufundi huu inayonivutia zaidi ni kusikiliza. Mwaka 1816 mjini Paris, daktari René Laennec aliona haya kuweka sikio lake juu ya kifua cha mwanamke kijana. Akakunja karatasi zikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, na akashangaa kusikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu. Kutoka kwenye karatasi hizo likaja bomba la mti, na baadaye mipira miwili inayoning'inia leo shingoni mwa kila daktari. Chombo kizima kilizaliwa na staha, na nadhani ndiyo maana kinaingia vizuri kwenye desturi zetu.

Moyo mzima una sauti mbili. Daktari huwaambia wanafunzi wake wafikirie wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana: mchi huu, mchi ule, kimya kidogo, tena. Sauti ya kwanza ni ya milango kati ya vyumba vya juu na vya chini ikifungwa. Ya pili ni ya milango ya kutokea ikifungwa. Milango hiyo ndiyo madaktari huiita vali. Anayejifunza hukimbilia kusikiliza sauti. Aliyebobea husikiliza kimya kilicho kati yake, maana moyo wenye afya, damu ikipita milangoni, haupigi kelele. Mvumo ukisikika pale palipotakiwa kuwa kimya, huenda kuna mlango usiofunguka vizuri au usiofunga.

Nilikuwapo siku alipokuja msichana mmoja aliyeolewa karibuni, mja mzito wa miezi sita, kutoka upande wa Mwanda. Alikuwa akikohoa na kuhema usiku. Kabla ya hapo alikuwa ametibiwa pumu mahali pengine kwa muda mrefu, na dawa ya kuvuta hewa alikuwa nayo kwenye mkoba. Daktari alimlaza ubavu wa kushoto, ili moyo usogee karibu na mbavu. Akatafuta kwa vidole mahali unapogonga zaidi. Akaweka upande mdogo wa kipimo, ule wenye umbo la kikombe, kwa wepesi kama anayeweka kikombe cha chai juu ya kitabu. Akafumba macho.

Alikaa hivyo muda mrefu. Bodaboda ilipita nje. Akainua kidole kimoja, sote tukaacha hata kusogea. Alipomaliza alimwomba msichana ruhusa, akanipa kipimo nisikilize.

Sikusikia ila tup, tup. “Usikandamize,” akaninong'oneza. “Ukikandamiza, ngozi inakazika kama ngozi ya ngoma, sauti nzito zote zinapotea.” Nikalegeza mkono. Akausogeza mkono wangu upana wa kidole. Na hapo ikaja. Kwanza pigo kali, kama mlango uliobamizwa. Pigo la pili. Mara baada yake kitu kidogo, kama mtu amevunja kijiti. Halafu, mbali sana, ngurumo nzito inayojikokota, kama lori linalopanda usiku kutoka Mwatate.

Mlango kati ya vyumba vya kushoto vya moyo wake ulikuwa umeganda ukabaki tundu jembamba. Kwa mtu mzima mwenye afya mlango huo hufunguka sentimita nne hadi sita za mraba; ukibana hadi moja na nusu, hali ni mbaya. Madaktari husema umekuwa kama mdomo wa samaki. Kabla ya mimba alikuwa akijimudu. Lakini mimba huongeza damu ya mama karibu kwa nusu, na damu yote hiyo ilikuwa inagombania kupita kwenye mdomo wa samaki, ikarudi nyuma mapafuni. Kikohozi chake hakikuwa pumu.

“Ulipokuwa mdogo,” daktari alimuuliza, “uliwahi kuumwa na viungo, goti leo, kiwiko kesho?”

Aliwahi. Darasa la nne. Walisema ni baridi ya Mwanda.

Huu ndio ugonjwa unaomkera daktari kuliko yote, kwa sababu unaanzia kooni. Mtoto huumwa koo kwa vijidudu vya aina ya streptokoka. Koo linapona. Wiki mbili tatu baadaye, kinga ya mwili, ikidhani bado inapigana na vijidudu, inaushambulia mwili wenyewe: viungo vinavimba na kupona, lakini vali za moyo hubaki na makovu. Kila koo jingine linaloachwa bila dawa laweza kuongeza kovu. Msemo wa Kiingereza hospitalini, nikiugeuza, ni kwamba ugonjwa huu hulamba viungo na kuuma moyo. Dawa yake ya awali ni penisilini, dawa ya siku nyingi na ya bei ndogo, na aliyekwisha kuguswa hudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne ili koo lisirudi. Jirani zetu wa Uganda wameonyesha jambo hili kwa hesabu. Kule kaskazini, watoto zaidi ya 100,000 walipigwa picha za moyo, na 818 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa wakagawanywa katika makundi mawili, moja likipewa sindano ya kila mwezi kwa miaka miwili. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Waliozidiwa katika kundi la sindano walikuwa 3. Katika kundi la pili walikuwa 33. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa huzibwa kwa sindano, na ukuta ni upasuaji wa moyo.

Msichana yule alipelekwa haraka kwenye hospitali yenye vifaa. Barua aliyopewa ilikuwa na nusu ukurasa tu, lakini ilisema mlango upi, umebana kiasi gani kwa makadirio, na mimba ina wiki ngapi. Niliisoma kwa heshima ile niliyozoea kuwapa washairi.

Msomaji atauliza: mashine je? Daktari hazidharau hata kidogo. Anajua zilikotoka. Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, alianza kuchora umeme wa moyo kwa mtambo uliojaza chumba na kuhitaji watu watano, mgonjwa ametumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Leo kipimo hicho kinaingia kwenye begi. Mwaka 1953, huko Lund, Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz walichukua mawimbi ya sauti yaliyokuwa yakitumiwa kwenye karakana ya meli kukagua vyuma, wakayaelekeza kwenye moyo wa mtu aliye hai. Hiyo ndiyo eko, ile picha ya moyo unaotikisika kwenye kioo. Ya kwake, daktari anaibeba mwenyewe kutoka pwani, imefungwa kwa shuka ndani ya sanduku.

Lakini ana kanuni moja. Kabla ya kuwasha eko, huandika kwenye daftari lake anachotarajia kuona. Mlango gani, chumba kipi kimetanuka, ukuta upi umenenepa. Kisha ndipo huwasha, na akimaliza huweka alama ya vema au ya kosa. Nilimwomba nilione daftari. Alama za kosa zipo, nyingine amezizungushia duara na kuandika pembeni sababu: sikumlaza ubavu, nilikuwa na haraka, nilimwamini yule aliyemwona kabla yangu. Fundi aliyekwisha kusifiwa anayeendelea kuhesabu makosa yake kwa kalamu, na kuyaonyesha kwa mgeni, ni nadra katika kazi yoyote.

Narudi kwa mama. Baada ya salamu zake kuandikwa, aliambiwa aketi, miguu yote miwili chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asiseme neno kwa dakika tano. Hiyo ya mwisho ndiyo ilimtesa. Presha ikipimwa mtu akiwa ametoka tu kupanda mlima, au akizungumza, au kwa mkanda mdogo kuliko mkono wake, husoma uongo, na mtu huweza kupewa dawa za bure au kunyimwa anazohitaji. Alipimwa mara mbili, zikaandikwa zote. Ya pili ilikuwa chini kidogo ya ile ya kwanza, lakini bado 168 kwa 96.

Presha ina historia ya ajabu katika nchi hii. Mwaka 1929 daktari aliyeitwa Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kati ya wagonjwa kama 1,800 waliolazwa kwake kwa miaka miwili hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Miaka sitini baadaye, watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990: presha ilianza kupanda ndani ya wiki chache za kuhamia mjini, na chumvi katika mkojo wao ilikuwa imeongezeka. Damu ni ile ile, babu ni wale wale. Kilichobadilika ni sahani na maisha. Na katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu Mkenya mzima mmoja kati ya wanne alikutwa na presha ya juu, huku zaidi ya nusu wakiwa hawajawahi kupimwa maishani. Mama yangu alikuwa katika hiyo nusu.

Daktari aliandika utabiri wake, akawasha eko. Nikauona moyo wa mama yangu kwenye kioo, kijivu, ukifumba na kufumbua. Ukuta wa chumba cha chini kushoto ulikuwa umenenepa, kama msuli wa mtu anayebeba magunia. Kwa miaka mingi ulisukuma damu dhidi ya presha, ukawa na nguvu, lakini ukakakamaa. Ulijua kukaza, haukujua tena kulegea. Damu ikakosa pa kuingia upesi mlima ulipoanza. Ndipo zikaja salamu. Daktari akaweka alama ya vema.

Nilimuuliza kama kuna mioyo inayomshinda. Hakusita. Alinitajia ugonjwa ulioelezwa na Jack Davies huko Kampala mwaka 1948, ambao utando wa ndani wa moyo huwa mgumu kama ngozi iliyokaushwa, na humpata zaidi mtoto wa maskini wa sehemu zenye joto. Ulielezwa katika kanda yetu, umechunguzwa Mulago miaka nenda rudi, na chanzo chake bado hakijulikani. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, alisema, jukumu la kwanza ni kutobuni jibu.

Mama alipewa vidonge vya presha na vya kupunguza maji, akaambiwa apunguze chumvi kwenye kimanga, chakula chetu cha Kitaita. Hilo la kimanga alilipinga kwa hoja nzito, wakakubaliana nusu kijiko kwa sufuria nzima. Miezi mitatu baadaye nilipanda naye tena kutoka sokoni. Kwa mwenye kibanda cha viazi alipunga mkono. Kwenye kona ya mkaratusi alipunga mkono. Kwa binamu alisimama, akauliza habari za ng'ombe kwa kirefu, na nilipomwangalia kifua hakuwa akihema hata kidogo. Yule alimsalimia kwa kupenda.

Jiwe la chini ya shule tulilipita bila kuketi.

Basi, ndugu msomaji, ukipanda mlima na mzazi wako, usimtangulie. Tembea nyuma yake, uhesabu anaposimama, ukumbuke mwaka jana alisimama wapi. Mtoto akilalamika koo, mpeleke apimwe kabla halijapona lenyewe. Na wewe uliyesoma mpaka hapa bila kujua presha yako ni ngapi, nenda ukapimwe wiki hii, ukae dakika tano bila kusema neno.